Magereza ya Shimoni ya Nuremberg: Somo Kuhusu Tuhuma, Ushahidi na Adhabu

Chini ya jumba la kale la baraza la mji wa Nuremberg, kusini mwa Ujerumani, kuna makumbusho ambayo mgeni huyaingia kwa kushuka ngazi. Juu ni ukumbi wa fahari uliojengwa katika karne ya 14, ambamo wazee wa mji walikutana na kukata mashauri. Chini ni vyumba vya mawe visivyofikiwa na mwanga wa jua, ambamo watuhumiwa wa mji huohuo walisubiri mashauri yao yakatwe. Wajerumani hupaita Lochgefängnisse, yaani magereza ya shimoni.

Hatukuchagua somo hili ili kuwatisha wasomaji wetu kwa habari za minyororo na mateso. Tumelichagua kwa sababu swali lililoulizwa katika vyumba vile ndilo linaloulizwa hata leo katika masoko na vijiji vya mpakani, ng'ombe anapopotea usiku au duka linapovunjwa: mtu anayetuhumiwa afanyiwe nini wakati ukweli bado haujajulikana? Mji wa Nuremberg ulilijibu swali hilo kwa namna yake kwa karne nyingi, na gharama ya jibu lake inaonekana mpaka leo chini ya ardhi.

Kilichomo Shimoni

Mgeni anaposhuka hukuta vyumba vidogo 12, kila kimoja na upana wa takriban mita mbili kwa mbili. Kuta zake zilifunikwa kwa mbao ili kupunguza baridi ya mawe. Ndani mlikuwa na kitanda cha mbao, benchi, na chombo cha makaa cha kumpa mfungwa joto kidogo wakati wa baridi kali. Milango miwili ina michoro: mmoja una jogoo mwekundu, mwingine una paka mweusi. Inaelezwa kuwa jogoo aliwahusu waliotuhumiwa kuchoma nyumba, kwa kuwa Wajerumani huuita moto "jogoo mwekundu", na paka aliwahusu wasingiziaji.

Mbele ya vyumba hivyo kuna chumba kikubwa zaidi, chenye dari la kuba. Watu wa zamani walikipa jina la "kanisa dogo" kwa umbo la dari lake, lakini hapakuwa mahali pa ibada. Kilikuwa chumba cha mateso. Humo mtuhumiwa alifungwa mikono nyuma ya mgongo, akavutwa juu kwa kamba, na pengine akafungiwa mawe miguuni.

Hapa msomaji ashike jambo moja ambalo wageni wengi hulisahau wanapotazama vyumba hivyo. Gereza hili halikuwa adhabu. Lilikuwa mahabusu. Adhabu za mji zilitolewa mahali pengine, mbele ya umma: viboko, kufukuzwa mjini, kukatwa vidole, kunyongwa, kukatwa kichwa kwa upanga, au kuzamishwa mtoni. Waliokaa shimoni walikuwa wakisubiri hukumu, isipokuwa wale waliokwisha kuhukumiwa kufa na kungoja siku yao. Kwa hiyo wengi wa walioteswa katika chumba kile walikuwa watu ambao hatia yao haijathibitishwa na yeyote.

Kwa Nini Waliteswa?

Ni rahisi kudhani kwamba wakuu wa mji ule walikuwa watu wakatili wasiojali sheria. Ukweli ni tofauti, na ndiyo maana unafundisha zaidi. Walikuwa na sheria, na waliifuata.

Mwaka 1532 Kaisari Karl V alitoa kanuni ya makosa ya jinai kwa himaya yake yote, iliyojulikana kwa jina la Carolina. Kanuni hiyo ilikuwa na mambo mema. Ilikataza mtu kuhukumiwa kwa dalili peke yake, hata zikiwa nyingi. Ili mtu apewe adhabu kubwa, sharti wapatikane mashahidi wawili au watatu waaminifu walioona kwa macho, au sivyo mtuhumiwa akiri mwenyewe.

Shida ilianzia hapohapo. Wezi na wauaji hawafanyi kazi yao mbele ya mashahidi wawili. Mashahidi walipokosekana, likabaki kukiri tu. Na mtu asipokiri kwa hiari, sheria iliruhusu ateswe mpaka akiri, mradi ziwepo dalili za kutosha. Wajumbe wa baraza walihudhuria, na mwandishi aliandika kila neno. Baada ya mateso mtuhumiwa alitakiwa kurudia maneno yake nje ya chumba kile, kwa utulivu, ili ionekane kuwa amesema kwa hiari. Lakini aliyekana alichokisema aliweza kurudishwa kwenye kamba. Hiari gani hiyo, ikiwa mlango wa chumba cha mateso bado uko wazi nyuma ya mtu?

Sheria iliyokusudia kumlinda asiye na hatia kwa kudai ushahidi mzito ikawa ndiyo sababu ya kumtesa. Hilo ndilo somo la kwanza la magereza ya shimoni: tukilitafuta neno "nimekosa" kuliko tunavyoutafuta ukweli, tutalipata neno na kuukosa ukweli.

Barua ya Johannes Junius

Safari fupi kutoka Nuremberg kuelekea kaskazini, katika mji wa Bamberg, lilitokea jambo linaloonyesha matokeo ya njia hiyo. Mwaka 1628 Johannes Junius, aliyekuwa meya wa mji ule, alikamatwa kwa tuhuma za uchawi. Watu wengine walioteswa kabla yake walikuwa wamemtaja. Alikana. Akabanwa vidole kwa vyuma, akavutwa juu kwa kamba mara kwa mara, hata akakiri.

Kabla ya kuuawa alifaulu kumpelekea binti yake Veronica barua ya siri, nayo imehifadhiwa hadi leo. Ndani yake alimweleza binti yake kwamba yote aliyokiri ni uongo aliouzua ili mateso yakome, na kwamba hata yule aliyekuwa akimtesa alimsihi abuni jambo lolote. Kisha akadaiwa majina ya wenzake. Akapitishwa katika fikra mtaa kwa mtaa, aseme nani anayeishi hapa na nani anayeishi pale, mpaka akawataja watu. Nao wakawa watuhumiwa wapya.

Wasomaji wetu waitafakari habari hii vizuri. Katika baadhi ya vijiji vyetu, mzee au mjane hutajwa kuwa mchawi mtoto anapougua au mvua inapokosekana. Umati hukusanyika, hupiga, na hudai majina. Mwenye kupigwa hutaja. Umati huamini kwamba umepata ushahidi, kumbe umepata kilio cha mtu anayetaka kuishi dakika moja zaidi.

Mchongaji Aliyejichukulia Sheria

Si kila aliyeingia katika mikono ya sheria ya Nuremberg alikuwa amesingiziwa. Veit Stoss alikuwa mmoja wa wachongaji wakubwa wa Ulaya ya wakati wake. Alikuwa amekwisha kuchonga madhabahu mashuhuri katika mji wa Kraków nchini Poland. Aliporudi Nuremberg aliwekeza fedha zake kwa ushauri wa mfanyabiashara mmoja, na fedha hizo zikapotea. Stoss aliamini kuwa amedhulumiwa. Badala ya kushikamana na njia ya mashauri, alighushi hati ya deni yenye sahihi na muhuri wa mfanyabiashara yule, ili alipwe.

Hila yake iligunduliwa. Kughushi muhuri katika mji wa biashara lilikuwa kosa zito, na angeweza kupoteza maisha yake. Mwaka 1503 alipunguziwa adhabu: alichomwa mashavu yote mawili kwa chuma cha moto mbele ya watu, akakatazwa kutoka mjini bila idhini. Baadaye Kaisari Maximilian alimsamehe, ingawa wakuu wa mji hawakuupokea msamaha huo kwa moyo mkunjufu.

Makovu yake hayakufutika, lakini mikono yake haikusahau kazi. Zaidi ya miaka kumi baadaye, kati ya 1517 na 1518, alichonga sanamu kubwa ya malaika akimpasha Mariamu habari njema, inayoning'inia hadi leo katika kanisa la Mtakatifu Lorenz mjini humo. Mji uliomtia alama ya aibu usoni ndio unaojivunia kazi yake mbele ya wageni.

Habari ya Stoss ina mafunzo mawili. Kwanza, mwenye haki huipoteza haki yake akiidai kwa hila. Aliyekuwa mlalamikaji akawa mshtakiwa. Pili, adhabu inayomtia mtu alama ya kudumu humwadhibu kila siku, hata baada ya deni lake kwa jamii kulipwa. Tujiulize sisi tunawatia alama gani vijana waliomaliza vifungo vyao na kurudi vijijini, tunapowaita "mwizi" mbele ya watoto wao.

Mtu wa Upanga

Adhabu za Nuremberg zilitekelezwa na mtu aliyelipwa mshahara na baraza. Aliyejulikana zaidi ni Franz Schmidt, aliyeitwa Mwalimu Franz. Alifanya kazi hiyo kwa takriban miaka 45, hadi mwanzoni mwa karne ya 17, na aliandika daftari la watu aliowaadhibu. Idadi ya aliowaua kwa amri ya mahakama inakaribia 400.

Daftari hilo halionyeshi mtu aliyefurahia damu. Mwaka 1580, akisaidiana na watu wa kanisa, alilishawishi baraza liache kuwazamisha mtoni wanawake waliopatikana na hatia ya kuua watoto wao wachanga. Baraza lilikubali watekelezewe hukumu kwa upanga, kifo kilichohesabiwa kuwa cha haraka na chenye aibu ndogo zaidi. Kwa macho ya leo badiliko hilo ni dogo sana. Lakini lilitoka kwa mtumishi wa chini wa dola aliyeona kwa macho yake kile ambacho wakubwa wake walikisoma kwenye karatasi tu.

Watu wa mji walimhitaji, na papo hapo walimtenga. Kazi yake ilihesabiwa kuwa ya aibu, na aibu hiyo iliwashika watoto wake pia. Alipostaafu aliomba kwa Kaisari arudishiwe heshima ya ukoo wake, akaipata mwaka 1624. Jamii ilitaka adhabu kali, lakini haikutaka kuketi meza moja na mkono ulioitoa.

Bikira wa Chuma na Nguvu ya Uvumi

Wengi wanaosikia habari za Nuremberg huuliza juu ya "Bikira wa Chuma", sanduku lenye umbo la mwanamke na misumari ndani, linalosemwa kuwa lilimchoma mtu aliyefungiwa humo. Jibu ni kwamba hakuna ushahidi kuwa chombo hicho kiliwahi kutumika katika zama za kale. Habari yake ilienezwa mwishoni mwa karne ya 18 na mwandishi Johann Philipp Siebenkees, kisha katika karne ya 19 vikaundwa vyombo vya kuonyeshwa watu, na watu wakalipa kuviona.

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo hutufundisha kuwa waangalifu, lakini haitufundishi kuhukumu. Uvumi mmoja uliofaa masikio ya watu umedumu zaidi ya miaka mia mbili, ilhali mateso ya kweli ya kamba na mawe, yaliyoandikwa na waandishi wa baraza wenyewe, watu wachache wanayajua. Ujumbe wa simu unaosema "mtu huyu ni mwizi wa watoto, amevuka mpaka jana" husafiri kwa njia ileile.

Jinsi Mambo Yalivyobadilika

Mwaka 1631 padri Friedrich Spee alichapisha kitabu bila kutia jina lake, akieleza kuwa mateso huwafanya wasio na hatia wakiri uchawi. Mwaka 1764 Cesare Beccaria wa Milan alitoa kitabu chake juu ya makosa na adhabu. Hoja yake kuu dhidi ya mateso ni rahisi kueleweka: mateso humwokoa mhalifu mwenye mwili wenye nguvu na humhukumu asiye na hatia aliye dhaifu. Mfalme wa Prussia alikuwa amekwisha kuyapiga marufuku kwa sehemu kubwa mwaka 1740. Bavaria, dola iliyoutwaa mji wa Nuremberg mwaka 1806, iliyafuta mwaka huohuo.

Lakini sheria njema ya nyumbani haikuvuka bahari salama. Ujerumani ilipotawala Tanganyika, Rwanda na Burundi, kiboko kilikuwa adhabu ya kawaida kwa Waafrika. Mwaka 1896 amri ya serikali yake iliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja, na wazee wetu waliikumbuka adhabu hiyo kwa jina la "hamsa ishirini". Haki inayomlinda mmoja na kumwacha mwingine bado haijawa haki.

Mji wa Nuremberg wenyewe ulipata kutoa jibu jingine. Tangu tarehe 20 Novemba 1945 hadi 1 Oktoba 1946, katika Jumba la Sheria lililo magharibi ya mji mkongwe, viongozi wa utawala wa Hitler walishtakiwa kwa makosa makubwa kuliko yote ambayo shimo lile liliwahi kuyasikia. Walipewa mawakili. Walisomewa mashtaka. Nyaraka na mashahidi vililetwa mbele yao. Mwishoni 12 walihukumiwa kufa, 7 kifungo, na 3 wakaachiliwa huru kwa sababu mahakama haikuridhika na ushahidi dhidi yao. Ikiwa watuhumiwa wa maovu ya kiasi kile walistahili kusikilizwa, je, kijana anayetuhumiwa kuiba baiskeli hastahili?

Sisi wa Mpakani

Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso ulipitishwa mwaka 1984. Uganda ilitunga sheria yake ya kuzuia mateso mwaka 2012, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2011, na Kenya mwaka 2017. Katiba ya Tanzania nayo, katika ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu za kinyama. Nchini Uganda, maelezo yaliyopatikana kwa mateso hayapokelewi mahakamani, na askari hawezi kujitetea kwamba aliamriwa na mkubwa wake.

Muda wa kukaa mahabusu pia una kikomo. Katiba ya Kenya inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata. Katiba za Uganda na Kongo zinaweka saa 48. Mwenye jamaa aliyekamatwa ng'ambo ya mpaka na aijue tofauti hiyo, asije akadhani kuwa sheria ya kwao inatumika huko.

Raia anaweza kumkamata mtu aliyemwona akitenda kosa kubwa, lakini wajibu wake ni kumkabidhi kwa polisi mara moja. Hana ruhusa ya kumpiga, kumfunga kwa siku nyingi, wala kumdai majina ya wenzake. Mtuhumiwa akivuka mto au barabara na kuingia nchi jirani, wananchi wasimfuate kwa marungu. Watoe taarifa katika kituo cha upande wao, ili mamlaka za pande mbili zishughulike.

Twajua malalamiko ya wananchi: polisi huchelewa kufika, na watuhumiwa huonekana mitaani baada ya siku mbili. Malalamiko hayo yana uzito, na jeshi la polisi linapaswa kuyajibu kwa vitendo. Hata hivyo dhamana si msamaha, kesi huendelea. Na kesi nyingi hufa kwa sababu mashahidi hawakufika, au kwa sababu umati ulikanyaga nyayo, ukagusa vitu na kuharibu alama ambazo zingemtambulisha mwizi. Anayelinda mahali pa tukio na kwenda kutoa ushahidi humwadhibu mhalifu kwa uhakika kuliko anayebeba petroli na gurudumu.

Mambo ya Kushika

Mtuhumiwa si mhalifu mpaka mahakama iseme. Kukiri kwa kipigo si ushahidi. Uvumi huanzisha uchunguzi, haumalizi kesi. Aliyedhulumiwa aidai haki yake kwa njia ya haki. Aliyemaliza adhabu yake apewe nafasi ya kufanya kazi.

Maswali ya Kujadili Barazani

1. Kwa nini Carolina, iliyokataza kuhukumu kwa dalili peke yake, ilizaa mateso? Je, kuna desturi yetu yenye nia njema inayozaa madhara?

2. Katika kijiji chenu, ni nani hutajwa kwanza mali inapopotea? Hutajwa kwa ushahidi, au kwa ugeni wake, umaskini wake au lugha yake?

3. Veit Stoss angefanya nini baada ya kupoteza fedha zake? Mtu wa eneo lenu aliyetapeliwa ng'ambo ya mpaka aanzie wapi?

4. Mtapeana jukumu gani, kwa majina, ili siku kilio cha "mwizi!" kitakaposikika, awepo wa kupiga simu polisi, wa kulinda mahali pa tukio, na wa kusimama kati ya umati na mtuhumiwa?

Swali la nne lisiachwe bila jibu. Baraza lisifungwe mpaka majina hayo yameandikwa.